Denis wa Shati la Kijani

Nyie mnaopiga simu gazetini tangu Jumatatu kuuliza mwanaume wa shati la kijani ni nani, shusheni pumzi. Alikuwa Mathias.

Mathias mwenye mashine ya kusaga pale Chanika, Handeni. Mume wa Joyceline. Shemeji yake Edna wa ndoa ya kanisani, ile yenye picha kubwa ukutani sebuleni.

Edna alimwona akiinama kupita mlangoni, akaisukuma soda yake pembeni. Alikuwa amekaa kwenye hoteli moja ya Mombo, zile ambako mabasi ya Arusha husimama, abiria wakila mbiombio huku dereva anapiga honi. Alikuwa anamsubiri mwanaume asiyemjua uso. Mwanaume huyo alijiita Denis, na asubuhi ile alikuwa ameandika: "Utanijua kwa shati la kijani. Nitakuwa peke yangu."

Shati lilikuwa la kijani. Mtu alikuwa peke yake.

Kwa wewe uliyekuta gazeti la wiki iliyopita limeshafungia maandazi, nitakusogeza kwa kifupi halafu tuendelee.

Edna anauza madaftari kwenye duka la vifaa vya shule Korogwe mjini. Mama yao alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Baba yupo, mzee Valerian, kule Mkumbara, ila baba ni wa kusalimiwa. Aliyemlea ni dada yake Joyceline, kwa kushona mashati ya wanafunzi mpaka mdogo wake akamaliza kidato cha nne. Katika dunia hii Edna ana mtu mmoja, naye ni dada huyo.

Mwaka jana upweke ukamkaba, akaingia kwenye aplikesheni ya bure ya watu kutafutana, inaitwa Wawili. Ya bure, wapendwa. Mtu akikupa embe la bure sokoni Korogwe unaligeuzageuza kwanza kuangalia kama lina funza. Mapenzi ya bure mnameza na kokwa.

Mwalimu wake alikuwa Hajira, mwenzake wa dukani, Mzigua wa Kang'ata, mtoto wa wakulima wa mahindi. Hajira alikuwa na sheria zake.

"Usiweke jina lako wala uso wako. Mkikutana, iwe mchana, panapoliwa chakula, na nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako. Soda ifunguliwe mbele yako. Halafu mimi nijue uko wapi."

Ni sheria nzuri, hizo sizicheki. Edna alizishika zote. Alijiita Ritha, akaweka picha ya mgongo tu, amevaa gauni lake la kitenge.

Wanaume wa humo ndani ndio wa kuchekwa. Yupo aliyepiga picha ameegemea gari la watu, mwenye gari anaonekana nyuma anakuja amekunja ndita. Yupo aliyejiita mfanyabiashara, na biashara yake ni kushinda kijiweni akingoja rafiki amwachie bodaboda. Yupo aliyeandika, na sitanii, "Natafuta mwanamke mwenye hofu ya Mungu, wa leo tu."

Katikati ya takataka hiyo akatokea Denis. Mhasibu, Handeni. Naye aliweka picha ya mgongo. Hakuomba picha zaidi, hakuomba namba, hakuomba bando. Aliuliza, "Umekula?" Kesho yake akauliza tena, "Umekula?" Siku moja akaandika, "Hapa kazini kelele tupu, utadhani tupo korona."

Hajira aliposoma meseji ile aliirudisha simu haraka kwa mwenyewe.

"Mfungie huyo. Anaumwa korona na bado anakwenda kazini."

Edna alicheka mpaka mteja akageuka. Hajira wa Kang'ata angejuaje? Kwa watu waliozaliwa kwenye kambi za mashamba ya mkonge, korona ni ile mashine kubwa ya kuchakata majani, inayonguruma mpaka watu wanaongea kwa mikono. Ugonjwa ulikuja juzi juzi na kukuta jina lina wenyewe. Babu zake Edna waliletwa kutoka Songea kukata mkonge, na yeye amezaliwa na kelele hizo masikioni. Alipoliona neno lile alijua Denis ni mtoto wa kambini mwenzake. Na mtoto wa kambini, akajiambia, hawezi kumdanganya mtoto wa kambini.

Naandika huku natikisa kichwa. Binti aliyekataa kutoa hata herufi moja ya jina lake, alimkabidhi mtu moyo kwa neno moja.

Haya, turudi hotelini, shemeji ameshamwona.

"Edna? Si uko dukani leo?"

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umefuata nini Mombo?"

"Bosi kanituma. Nasubiri mzigo wa Lushoto."

Mathias akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Basi tuko sawa. Na mimi nasubiri mzigo wa Lushoto."

"Mzigo gani?"

"Karoti."

Edna alikaribia kucheka. Mwanaume mwenye mashine ya kusaga atoke Chanika, apite Korogwe na soko lake zima, aje mpaka Mombo kusubiri karoti. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umepigwa pasi vizuri zaidi.

"Korogwe karoti zimekwisha, shemeji?"

"Hata mimi niliuliza hivyo hivyo," Mathias alisema, akamwita mhudumu. "Dada, niletee supu ya mbuzi na chapati. Na limao, tena liwe kubwa."

Edna aliishusha simu chini ya meza. Vidole vilikuwa vinatetemeka, lakini akaandika: "Nimefika. Uko wapi?" Akaituma kwa Denis.

Simu ya Mathias ikalia.

Mathias aliitoa mfukoni, akasoma huku midomo inatembea kama mtoto anayejifunza kusoma, akatabasamu. Akajibu kwa kidole kimoja, taratibu, halafu akailaza mezani kioo chini.

Simu ya Edna ikatetemeka mapajani. Denis alikuwa ameandika: "Nipo. Nakuona."

Edna akainua macho. Shemeji yake alikuwa anamtazama, anakamua limao ndani ya bakuli tupu kwa kuwa supu ilikuwa haijaja.

Hapo hapo Hajira akapiga. Walikuwa wamekubaliana, atapiga kumuulizia hali, na wataongea kwa mafumbo ya mzigo.

"Vipi, mzima? Mzigo umefika?"

"Umefika," Edna alisema. "Ila una hitilafu."

"Hitilafu gani? Mzee? Ana mapengo?"

"Mbaya zaidi."

"Mbaya kuliko mapengo? Edna, ana mke?"

"Anaye, na namjua," Edna akasema, akakata simu.

Mathias alimwangalia kwa huruma. "Bosi wako anakusumbua kweli. Mzigo ukiwa mbovu urudishe huko huko Lushoto."

Kuna wanaume ambao Mungu aliwanyima aibu akawaongezea hamu ya kula. Supu ilikuja, Mathias akaikumbatia. Edna alimtazama anavyovunja chapati, akawaza ile meseji ya "umekula" iliyomlaza na tabasamu kwa miezi. Chuki ikampanda mpaka machozi yakamlenga.

"Shemeji, naomba uondoke."

"Niende wapi na supu ndiyo kwanza imekuja?"

"Ondoka tu. Mimi sitamwambia dada. Nitafuta kila kitu kwenye simu, na wewe ufute. Tusahau wote wawili."

Mathias akaacha kutafuna. "Umwambie dada yako nini?"

"Unajua."

"Sijui. Dada yako ndiye aliyenituma huku. Jana kanishika, nenda Mombo kapokee karoti za watu wa harusi, kuna mteja wake anazitaka. Nikasema Korogwe zipo, akanuna. Asubuhi nataka kuvaa fulana yangu, akasema hapana, vaa shati la kijani, kishalipiga pasi." Akaigeuza simu yake, akamsogezea. "Na meseji hii hapa, ya kwake. Isome."

Edna akasoma. Juu paliandikwa "Mke". Chini yake: "Umefika?" Na jibu la Mathias: "Nimefika. Nipo na Edna hapa nasubiri supu."

Basi Denis hakuwa Mathias. Edna alipumua, akajiegemeza kwenye kiti, akataka hata kuomba chapati. Alisahau kwamba ile meseji ya "Nakuona" bado ilikuwa mapajani kwake na kwamba kuna mtu aliyeiandika.

Akakumbuka. Akageuza shingo polepole. Dereva wa lori alikuwa anakula wali. Mama mmoja alikuwa anamfuta mtoto pua. Basi lilipiga honi nje, lingine likaitikia, abiria wakaanza kusukumana.

"Kelele hizi," ilisema sauti nyuma yake, "utadhani tupo korona."

Sentensi ile Edna alikuwa ameisoma mara nyingi kitandani. Sauti ile alikuwa ameisikia maisha yake yote. Hakuwahi kufikiri kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwenye kinywa kimoja.

Joyceline alikuwa amesimama pale, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, begi kubwa la nguo mkononi.

"Shikamoo dada," Edna alisema.

"Marahaba, Ritha."

Mathias aliwaangalia wote wawili. "Ritha ni nani?"

Joyceline akaweka begi chini, akakaa, akapangusa meza kwa kiganja kama yuko kwake.

"Wewe ndiye Denis," Edna akasema.

"Mimi ndiye Denis."

"Denis ni nani?" akauliza Mathias.

"Kula supu, Mathias," mke wake alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Krismasi ulikuja nyumbani ukaacha simu inachaji sebuleni. Ikaingia meseji, mwanaume anakuita mtamu, na jina la hiyo aplikesheni lipo juu. Nikaingia na mimi. Wala sikuhangaika kukutafuta. Gauni la kwenye picha nimelishona kwa mkono wangu, najua mpaka pale uzi uliponiishia nikaunga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ukatae? Nilitaka kukuonyesha. Nilisema nitamchati siku chache huyu mtoto, atanipa jina, atanipa namba, atanielekeza mpaka mlangoni, halafu nitakwenda Korogwe nimwoneshe ningekuwa jambazi angekuwa wapi sasa hivi." Joyceline akatabasamu kidogo, tabasamu la kuchoka. "Hukutoa kitu. Miezi yote hiyo hukutoa hata jina la mtaa. Nikajivunia. Ningeacha hapo. Lakini tulikuwa tunaongea vizuri, Edna. Ulikuwa unamwambia Denis mambo ambayo mimi huniambii. Nikanogewa."

Edna aliona aibu ya kutambaa mwilini. Yale yote ya usiku, ya "nakuota", ya "nikikupata sikuachi", yalikuwa yamesomwa na mwanamke aliyemsuka nywele za kwenda shule. Na "umekula?" yenyewe, swali lililomfanya aone amepata mwanaume wa tofauti, lilikuwa swali alilolelewa nalo. Alilisikia kila siku tangu mama yao azikwe. Lilipomjia kwa jina la kiume akalipenda.

Niwaambie ukweli, mimi hapo nilimwonea huruma. Haikudumu.

"Mpaka siku uliyoniandikia lile," Joyceline alisema.

Mkono wa Edna ukaganda juu ya chupa ya soda.

"Dada, tuongelee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Joyceline alikuwa ameshafungua simu. Akasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama anayesoma somo kanisani. "'Wewe ukininyamazia, wenzako hawanyamazi. Hata mume wa dada yangu ananitaka. Pasaka nililala kwao, dada akiwa kanisani kwenye mkesha, akaja kunigongea mlango. Nilimwambia nitapiga kelele ndipo akaondoka. Dada hajui.'"

Kijiko cha Mathias kilirudi kwenye bakuli.

Najua mmeshasimama, wasomaji wangu. Mmemchukia Mathias tangu alipoinama mlangoni, mkamchukia zaidi kwenye limao, na sasa mnatafuta fimbo. Kaeni chini. Mathias ni mchoyo, anakula kwa sauti, na katika ndoa yake hajawahi kumnunulia mkewe hata ua la plastiki. Lakini hili hakulifanya.

Hili alilitunga Edna.

Sheria za Hajira za usalama nimewatajia. Sheria yake ya kumnasa mwanaume sikuwatajia. Joyceline alikuwa amepata kazi ya kushona sare za kwaya nzima, akakosa nafasi ya kuwa Denis, simu ya Edna ikakaa kimya siku baada ya siku. Edna akakosa hamu hata ya kufungua duka. Hajira akamfundisha: "Mwanaume akipoa, mchemshe. Mwambie kuna mwingine anakutaka. Tena usitaje wa mbali, taja wa karibu, ndiyo itamuuma."

Edna hakuwa na mwingine. Akaangaza kwenye maisha yake yote kutafuta mwanaume wa karibu, akamkuta shemeji.

Ule mlango uligongwa kweli, Jumamosi ile ya mkesha. Umeme ulikatika, Mathias akapapasa mpaka mlango wa chumba cha wageni, akagonga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Edna, una kiberiti?" Edna akampitishia kiberiti kwenye uwazi wa mlango. Mathias akasema asante, akaenda kuwasha mshumaa akamalizia kula. Hakuna zaidi ya hapo. Edna alichukua kiberiti kile akaiwashia moto nyumba ya dada yake, ili mhasibu mmoja wa Handeni aone wivu.

Na mhasibu mwenyewe hakuwepo duniani.

"Niligonga," Mathias alisema. Alikuwa amebadilika rangi. "Sikatai kugonga. Nilikuwa naomba kiberiti."

Maskini. Katika kweli zote ambazo mtu anaweza kupewa kujitetea nazo, yeye alipewa hiyo.

Joyceline hakugeuka hata kumtazama. "Ningekuwa wewe ningetafuta uongo wenye akili kidogo."

"Joyceline, umeme ulikatika. Waulize majirani."

"Nilikuwa kanisani, Mathias. Kanisa lina jenereta. Nitajuaje?"

"Mwulize huyu hapa. Edna, mwambie dada yako nilikuomba nini."

"Ndiyo maana nimewaleta," Joyceline alisema. "Tangu nisome meseji hiyo nalala chumba cha cherehani. Nyumbani ungenizungusha kwa maneno, na yeye angeogopa. Kwa hiyo nikachagua mahali kwa kufuata sheria zake mwenyewe Edna alizomwandikia Denis: mchana, panapoliwa chakula, mbele za watu. Nilikaa pale dukani mkabala nikawaangalia. Nilitaka kuona, Edna, ukimwona utakaaje. Nimekuona, mdogo wangu. Nilikuona unavyotetemeka, unavyomwambia aondoke."

Jamani. Kila alichokifanya Edna kwa kumdhania Mathias kuwa Denis, dada yake alikuwa amekiona kwa mbali na kukisoma kivyake.

Joyceline aligusa begi kwa mguu. "Hizi ni nguo zangu. Cherehani nimeiacha hapo nje kwa wakala wa mizigo. Sitaki maneno mengi. Sema mbele yake kwamba ulichoandika ni kweli. Ukisema, leo hii tunakwenda wote Mkumbara kwa baba, na Chanika sirudi. Nimeshamaliza naye."

Mama wa mtoto wa pua alikuwa ameacha kumfuta. Hata dereva wa lori alipunguza kutafuna.

Edna alimtazama Mathias. Kidevuni kwake kulikuwa na tone la supu, na macho yake yalikuwa yanamsihi bila aibu yoyote. Halafu akamtazama dada yake, akaona alivyokonda.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilidanganya. Angelisema, wangerudi Chanika na begi lao na cherehani yao, na Mathias angesimulia habari ya kiberiti mpaka uzeeni. Lakini angelisema, Joyceline angejua kwamba amelala macho, amekonda, amebeba nguo zake kama mwizi kutoka nyumba aliyoijenga, kwa sababu mtoto aliyemlea alitaka kumchemsha mwanaume wa kwenye simu. Angemtazama kwa macho gani baada ya hapo? Edna aliwaza macho hayo, akaona hawezi kuishi nayo.

Wapo wasichana waliogongewa milango kweli, kwenye nyumba za dada zao, wakasema, wakaitwa waongo na kufukuzwa. Edna anawajua wawili kwa majina. Alichukua kilio chao, akakivaa.

"Ni kweli, dada," alisema.

Mathias hakupiga kelele. Ningependa kuwaandikia kwamba alipindua meza, maana nyie mnapenda meza zikipinduka, lakini alinawa tu mikono kwenye beseni la mhudumu, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Sawa," alisema. "Mimi si msemaji. Ila na mimi ni mtoto wa kambini, na baba yenu ndiye aliyenipa mke. Jumapili nitakuwa Mkumbara mbele ya mzee Valerian. Arudie maneno haya huku ameshika udongo wa kaburi la mama yenu. Akirudia, cherehani chukua, na mashine ya kusaga chukua. Sitafungua mdomo."

Edna aliushika ukingo wa meza.

Mgeni asingeshtuka. Lakini watu wa kambi ya Mkumbara walitoka makabila mbalimbali, kila kabila na mizimu yake, hakuna aliyeamini kiapo cha mwenzake. Miaka na miaka wazee wakakubaliana juu ya kiapo kimoja tu: udongo wa kaburi la mtu unayempenda. Edna alikuwa mdogo alipomwona jirani yao, mwanaume mzima aliyesingizia mwenzake wizi, akishika udongo huo mbele ya watu. Mkono ulimtetemeka mpaka udongo wote ukamwagika, na hakuna aliyemsalimia tena mpaka alipohama.

"Dada," Edna alisema, "hakuna haja ya kumsumbua mama."

"Ipo," Joyceline akajibu. Alikuwa amesimama, ameshatundika begi begani. Macho yake yalikuwa yamelowa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana mtu aliyepumzika. Akamshika Edna mkono, akamwinua, akamfuta chozi kwa ncha ya kitambaa chake kama alivyokuwa akimfuta zamani.

"Ataapa," alimwambia Mathias. Kisha akamwinamia mdogo wake, akasema kwa upole ambao Edna alikuwa hajausikia siku nyingi. "Usiogope. Nitakuchotea udongo mwenyewe, nikuwekee mkononi. Msema kweli haogopi kaburi la mama yake."